Beetle limelala upande, limekaa chini au limepanda mno: anza hapa kabla ya kugusa tosheni

Wenye Volkswagen Beetle hulalamika mambo yale yale. "Limelala upande wa dereva." "Nyuma limekaa kama limebeba mawe." "Nimelipandisha kidogo kwa ajili ya matuta, sasa kwenye kona linanitisha." Na karibu kila mmoja ameshanunua shokapu mpya kabla ya kuuliza.

Shokapu ya kawaida haibebi gari. Kazi yake ni kutuliza mdundo. Kinachobeba Beetle ni tosheni: chuma kilichofungwa upande mmoja, na upande wa pili kinapindishwa na mkono wa gurudumu. Nyuma kuna fimbo mbili za mviringo, kila upande yake, zimejificha ndani ya bomba linalopita chini ya kiti cha nyuma. Mbele kuna mabomba mawili ya bimu, la juu na la chini, na ndani ya kila moja mna fungu la vyuma bapa vilivyopangwa pamoja. Gari langu lililala kulia kwa miaka miwili. Gereji moja ilinifungia shokapu nne mpya na gari likabaki vilevile. Kumbe tairi ya nyuma kulia ilikuwa 155 na ya kushoto 165, jambo ambalo peke yake lilikuwa limeshakula milimita 8, na bushi ya bamba la springi la kulia (mkono wa chuma bapa unaounganisha tosheni ya nyuma na ekseli) ilikuwa imesagika ikabaki kama ulimi. Tosheni zenyewe zilikuwa nzima kabisa. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio huu: pima, kisha tafuta kilicholegea, kilichochakaa au kilichooza. Tosheni iguse mwisho.

Maelezo haya ni ya Beetle lenye bimu mbele, na nyuma ekseli ya kubembea, ile ambayo gurudumu na bomba la ekseli hupanda na kushuka pamoja kutoka kwenye gia boksi. Kama lako ni modeli ya 1302 au 1303, mbele lina springi za kuzunguka na shokapu ndefu, na nyuma halina ekseli ya kubembea, kwa hiyo sehemu za bimu na za ekseli hiyo hazikuhusu.

KUPIMA KWANZA

Tafuta sakafu iliyo sawa. Uwanja wa vumbi hautoshi. Sakafu ya saruji ya kituo cha mafuta asubuhi na mapema inafaa. Jaza upepo: kwa tairi za radiali Beetle linataka kama psi 18 mbele na 27 nyuma. Wajaza upepo wengi huweka 30 au 35 kote, mbele kukawa kugumu na kunadunda, halafu lawama zikaenda kwa bimu. Toa mizigo. Tangi la petroli liko mbele na linabeba lita 40, kwa hiyo likijaa ni kilo 30 hivi juu ya magurudumu ya mbele. Chagua kupima likiwa limejaa au nusu, kisha shikilia hapo hapo kila mara utakapopima.

Gari likitoka kwenye jeki, magurudumu ya nyuma hubaki yamejikunja kwa chini na gari linaonekana refu. Lisukume mbele mita tano, lirudishe, ubonyeze kila kona mara tatu. Ukipima kabla ya hapo, vipimo vyako ni vya uongo.

Pima kutoka sakafuni hadi bomba la chini la bimu, kushoto na kulia, halafu hadi miisho ya bomba la tosheni la nyuma. Wengi hupima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi. Madigadi ya Beetle hufungwa kwa bolti, na gari la miaka hamsini huenda limebadilishwa matatu kati ya manne, kila moja limetoka mahali pake. Gari linaweza kuwa sawa kabisa na madigadi yakakwambia limelala. Mimi sihangaiki na tofauti ya chini ya sentimita 1 kati ya kushoto na kulia.

"LIMELALA UPANDE MMOJA"

Visababishi, kuanzia kinachotokea zaidi:

Tairi zisizofanana au upepo usio sawa. Soma namba ubavuni mwa kila tairi, usiamini macho. Badilishana magurudumu ya kushoto na kulia. Ulalo ukihamia upande wa pili, umeshapata jibu.

Bushi za bamba la nyuma. Bamba la springi hupita kati ya bushi mbili za raba, ya ndani na ya nje, zilizofunikwa na kifuniko chenye bolti nne. Dereva akikaa peke yake kwa miaka, bushi za upande wake hutangulia kuisha. Angalia kama bamba limekaa katikati ya tundu la kifuniko. Likigusa ukingo, raba imekwisha.

Jino moja la tosheni (ncha za fimbo zina meno yanayoishika mahali pake) lililokosewa na aliyefungua mwanzo. Hili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani, hasa gari lililowahi kufanyiwa gia boksi au kuchomelewa chini. Dalili yake ni tofauti kubwa ya ghafla, sentimita 5 au zaidi, na gari lilianza kulala mara tu lilipotoka gereji.

Chuma kilichovunjika ndani ya bimu, au mara chache zaidi tosheni ya nyuma iliyokatika. Tosheni ya nyuma ikikatika hutaulizana: kona hiyo inashuka hadi kwenye raba ya kuzuia na kubaki hapo.

Kutu iliyokula mahali bomba la tosheni linaposhikana na chesi. Kwa magari ya Tanga, Mombasa au Unguja, kisogeze kisababishi hiki kiwe cha pili. Chumvi ya bahari hufanya kazi usiku na mchana.

Ili kujua ulalo unatoka mbele au nyuma, weka vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma, kipande cha ubao juu ya jeki, na inua bimu katikati kabisa mpaka magurudumu ya mbele yaache sakafu kidogo tu. Sasa gari limekaa juu ya magurudumu mawili ya nyuma na nukta moja mbele. Pima nyuma. Likikaa sawa, ugonjwa uko mbele. Likiendelea kulala, uko nyuma. Usiingie chini ya gari likiwa hivyo, hata kwa kuchungulia, kwa sababu nukta moja haishikilii gari. Jaribio hili huchukua dakika kumi na limeokoa watu wengi kufungua upande usio na kosa.

"NYUMA LIMEKAA CHINI"

Tazama magurudumu ya nyuma ukiwa umesimama hatua kumi nyuma ya gari. Vichwa vyake vikiwa vimeinamia ndani na tairi zinalika upande wa ndani, nyuma limeshuka kweli. Vikiwa vimesimama wima, huenda ni mbele lililopanda. Rudi kwenye vipimo.

Mzigo wa kudumu ndio wa kwanza: masanduku ya vipuri nyuma ya kiti, spika kubwa, ndoano ya kuvuta trela. Bushi zilizosagika pande zote mbili ndizo za pili. La tatu ni kwamba gari lilishushwa makusudi na mwenye kulimiliki kabla yako, mtindo unaopendwa na watu wengi. La nne ni tosheni zilizochoka kwa miaka, ambazo hushuka polepole pande zote mbili kwa kiasi kinachokaribiana.

Ukishabadilisha bushi na bado liko chini, ndipo unapofika kwenye meno.

Fimbo ya nyuma ina meno 40 upande wa ndani, unaoshikwa katikati ya gari, na meno 44 upande wa nje, unaoshika bamba la springi. Jino moja la ndani ni nyuzi 9. Jino moja la nje ni nyuzi 8 na dakika 10 hivi (dakika 60 za pembe ni uzi mmoja). Ukigeuza la nje peke yake, gurudumu linahama zaidi ya sentimita 5, na ndilo kosa la wanaosema "sogeza jino moja tu". Ukigeuza la ndani jino moja upande huu na la nje jino moja upande wa pili, kinachobaki ni dakika 50, kama milimita 6 kwenye gurudumu. Waliobuni tofauti hiyo ya 40 na 44 walikuwa wanakupa rula. Itumie.

Kazi yenyewe huenda hivi. Funga vizuizi mbele, inua nyuma, kalisha gari kwenye stendi imara na uondoe gurudumu. Kabla ya kulegeza chochote, piga alama kwa patasi ikikata bamba na kichwa cha ekseli kwa pamoja. Matundu ya bamba ni marefu, kwa hiyo bila alama hiyo gurudumu halitarudi kwenye mstari wake. Fungua bolti ya chini ya shokapu, kisha zinazoshika kichwa cha ekseli kwenye bamba, na sukuma ekseli nyuma.

Hapa ndipo pa hatari. Bamba sasa limeegemea kizuizi chake cha chuma likiwa bado na nguvu ya tosheni. Ukilichokonoa kwa mtaimbo litoke kwenye kizuizi huku mkono au mguu uko mbele yake, linavunja mfupa. Weka jeki chini ya ncha ya bamba, funga mnyororo kutoka jeki hadi kwenye chesi ili jeki isiruke, beba uzito wa bamba, fungua kifuniko, lisogeze nje ya kizuizi, kisha lishushe jeki polepole mpaka tosheni ipumue. Simama ubavuni. Mtoto au mtu anayetazama tu asikae upande huo. Kama huna mnyororo, kazi imeishia hapa leo.

Bamba likiwa huru, weka kipima pembe chenye maji juu yake, kisha juu ya kizingiti cha mlango, na toa kimoja kwenye kingine, maana gari lililo kwenye stendi mara chache hukaa sawa. Nyuzi zinazotakiwa hutofautiana kwa mwaka wa gari, na kitabu cha gari lako ndicho cha kufuata. Ukiwa huna kitabu, fanya upande ulioshuka ulingane na ulio mzima.

Kutoa fimbo yenyewe utahitaji kulegeza bolti za mbele za madigadi ya nyuma ili ipate nafasi ya kupita. Fimbo zina alama L na R kwenye ncha. Zilipindishwa kiwandani kwa upande wa kazi yake, kwa hiyo ukibadilisha ya kushoto kwenda kulia inakatika mapema. Usiishike kwa koleo la meno wala kuigonga ubavuni. Rangi iliyo juu yake ni kinga. Mkwaruzo mmoja unaweza kuwa mwanzo wa ufa. Ukiona vishimo vya kutu kwenye mwili wa fimbo, usiirudishe.

Na usikubali kamwe fundi apashe tosheni moto kwa gesi ili "ilale kidogo". Moto unaua ugumu wa chuma, na ulichofanya hakirudishiki.

Wakati wa kurudisha, paka bushi poda, ile ya watoto inatosha. Grisi ya kawaida inakula raba. Bana kifuniko kwa bolti mbili ndefu kwanza, kidogo kidogo kwa zamu, huku jeki na mnyororo vimeinua bamba juu ya kizuizi. Kisha fanya upande wa pili siku hiyo hiyo. Usiendeshe gari lenye upande mmoja mpya na mwingine wa zamani.

"NIMELIPANDISHA, SASA LINATISHA KWENYE KONA"

Hili ndilo ninaloliogopa zaidi. Barabara zetu zina matuta na mashimo, na mtu akiona rafiki amepandisha pikapu yake na yeye hutaka vivyo hivyo kwa Beetle.

Ekseli ya kubembea haina kiungo karibu na gurudumu. Nyuma likipanda, miguu ya magurudumu huingia ndani chini ya gari na vichwa vyake hufunguka nje. Ukiingia kona kwa kasi, uzito hukimbilia gurudumu la nje, bodi la nyuma huinuka kidogo, na gurudumu hilo hujikunja zaidi chini ya gari. Tairi inashika kwa ukingo tu, kisha inaachia. Gari linazunguka au linapinduka, na hutokea haraka kuliko usukani unavyoweza kusahihisha. Volkswagen wenyewe waliliona tatizo: kuanzia modeli ya 1967 waliongeza nyuma fimbo ya kusawazisha inayobeba sehemu ya mzigo bila kuongeza ukinzani wa kulala, na tosheni zikafanywa laini zaidi.

Kwa hiyo nyuma likiwa juu mno au likitisha kwenye kona, angalia kwa mpangilio huu. Je, gari limetoka kwenye jeki sasa hivi? Lisukume na upime tena. Je, liko tupu kabisa? Je, kuna aliyegeuza jino la nje peke yake? Je, gari ni la 1967 au baadaye na ile fimbo ya kusawazisha imeondolewa, au tosheni za mwaka mwingine zimefungwa? Je, viunganishi vyake vimekatika, kitu kinachoonekana kwa kuchungulia tu chini?

Likiwa na watu wawili na petroli nusu, magurudumu ya nyuma yanapaswa kusimama karibu wima. Yakiwa yamefunguka waziwazi kama miguu ya mtu aliyepanda farasi, usiliendeshe barabara kuu. Lishushe. Kama unahitaji nafasi zaidi chini, anza na tairi za kimo sahihi na raba za kuzuia zilizo nzima. Volkswagen lilishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962, Tommy Fjastad akiwa kwenye usukani, na njia za Safari wakati ule zilikuwa tope na mawe.

"MBELE LIMESHUKA NA LINAGONGA"

Anza na raba za kuzuia kwenye bimu. Zikiisha, chuma hugonga chuma na sauti hufanana na ya kitu kilichovunjika. Kisha grisi: bimu ina nipeli nne, na ikikosa grisi mikono hunata na gari hubaki pale liliposhukia. Piga grisi mpya mpaka chafu itoke, endesha siku mbili, pima tena. Wengi huponea hapo.

Likibaki chini, tazama skrubu ya kufungia iliyo katikati ya kila bomba na zile za kwenye mikono. Kila fungu la vyuma lina kishimo ambacho skrubu huingia. Nati yake ikilegea, fungu huteleza. Kaza skrubu ikae ndani ya kishimo, kisha nati. Kama imelegea muda mrefu, kishimo huwa kimelika na fungu zima linataka kubadilishwa.

Chuma kimoja kuvunjika ndani ya fungu hakionekani kwa nje. Inua mbele, ondoa magurudumu, fungua skrubu na uvute fungu. Hesabu vipande na ukague ncha kwa ncha.

Bimu ya kiwandani haina pa kurekebisha kimo. Kuna vifaa vya kuchomelea vinavyoruhusu katikati ya bomba kugeuka, na ni vizuri vikiwekwa na mtu anayejua, kwenye mabomba yote mawili kwa pembe moja. Kazi hiyo si ya uani. Bomba likikatwa na kuunganishwa likiwa limepinda hata kidogo, magurudumu mawili ya mbele hayataelekea njia moja tena. Na kama gari ni la 1966 au baadaye, lenye boljointi, ukilishusha mno boljointi hufika mwisho wa mwendo wake na zinaweza kuchomoka.

Simama hapa na uite fundi wa chesi kama: kichwa cha chesi kinachoshika bimu kina kutu inayotobolewa na bisibisi, bolti nne za bimu zinazunguka bila kukaza, kuna ufa karibu na miisho ya bomba la nyuma, au vipimo vya pembe kwa pembe, kutoka bimu hadi bomba la nyuma, vinatofautiana kushoto na kulia. Hilo la mwisho maana yake gari liligongwa. Na kabla hajaanza kuchomelea, toa waya wa betri, ambayo iko chini ya kiti cha nyuma, na tangi la petroli litoke kabisa.

"KIMO KIKO SAWA, LAKINI SASA LINAYUMBA"

Ukiinua nyuma au kushusha mbele, gari zima linainamia pua, na magurudumu ya mbele hupoteza ule mwegemeo wa nyuma unaoyafanya yajirudishe katikati. Usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga kwenye kasi ya 80, hasa upepo ukivuma. Alaimenti peke yake haiponyi hili, ingawa lazima ipigwe kila baada ya kubadilisha kimo. Kuna vipande vyembamba vya chuma vinavyowekwa kati ya bomba la chini la bimu na chesi ili kurudisha mwegemeo. Mwambie fundi wa alaimenti apime mwegemeo huo kwanza, kisha ndio aguse tairodi.

Elekeza taa upya pia. Nyuma likipanda sentimita 3, taa zinamulika karibu na bampa. Likishuka, zinawapofusha wanaokuja.

Tosheni na bushi mpya hutulia kidogo baada ya kilomita mia kadhaa. Andika vipimo vya siku ya kwanza kwenye karatasi, ibandike ndani ya kifuniko cha buti la mbele, na upime tena baada ya wiki mbili, kwa tangi lile lile na upepo ule ule.